Mama Mwenza Wangu wa Kwenye Kompyuta

Haika mwanangu,

Nakuandikia nikiwa dukani, nyuma ya kabati la vioo, saa za mkononi zimejipanga chini ya karatasi hii. Wewe umevuka Magogoni kumuaga shangazi yako Kigamboni, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule vyote viwili, wali na ugali, kwa hiyo nina nafasi. Wateja leo ni wa kubahatisha. Kuna mama mmoja amejaribu saa karibu zote, kajiangalia mkono weee, kisha kaondoka zake. Kesho wakati kama huu utakuwa angani.

Ya pasipoti na ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua umeshaambiwa na kila mwenye mdomo. Na ya baridi pia. Koti tumelichimbua kwenye mitumba ya Mchikichini, chini kabisa ya rundo, na lebo yake ulivyonisomea inasema limeshonwa huko huko Uswidi unakokwenda. Yaani limekuja Afrika kutembea na sasa linarudi kwao na wewe ndani yake. Hicho ni kioja kizuri, na naomba ikumbukwe kwamba nimekiona mimi kwanza.

Ninachotaka kuandika ni jibu. Ijumaa tukiwa tunakula uliniuliza swali, nikajifanya nachambua samaki. Ulisema Ulla, mwanamke atakayekupokea na utakayekaa nyumbani kwake ukisoma, amekuandikia kuuliza ukifika utamwita nani. Amesoma mahali kwamba kwetu mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Ukasema, "Mama, nimwite Mama Ulla?" Nami nikasema, "Huyu samaki ana miiba sana." Tukaendelea kula.

Shida haikuwa miiba. Haika, nina wivu. Nina wivu na huyo mwanamke kuliko nilivyowahi kumwonea wivu mwanamke yeyote, na baba yako alipokuwa kijana alinipa sababu za kutosha. Kuna wake wenza, hao nawajua, mtu unamwona akipita na kanga yake unajua pa kumtazama. Lakini mama mwenza, tena wa kwenye kompyuta, nani alishawahi kusikia?

Hebu nianze nyuma kidogo, maana wewe unadhani habari hii ilianzia intaneti.

Ulipozaliwa, rafu za Kariakoo zilikuwa tupu, mtu anapanga foleni kwanza ndipo anauliza kinauzwa nini. Ulipoanza kutembea ikawa ruksa kuleta bidhaa za nje. Watu wakaanza kwenda Dubai na kurudi na masanduku yanayokaribia kupasuka, na mimi na baba yako, tuliokuja mjini kutoka Machame na redio moja, tukafungua hiki kiduka cha saa na kalkuleta. Ukakulia chini ya kaunta hii. Na jina langu likafia hapa hapa. Mtaa mzima hakuna anayejua kwamba naitwa Ndeanasia. Hata mgambo wa jiji akija kunifokea, anafoka, "Mama Haika, toa hiyo meza barabarani!" Sikulilia jina langu hata siku moja, kwa sababu nililopewa badala yake lilikuwa na wewe ndani.

Ulikuwa unauliza maswali mpaka wateja wanacheka. Kwa nini kalkuleta nyingine hazina betri? Nikakwambia zinakula jua kama mgomba. Hilo sikukosea sana. Ukauliza, ukibonyeza kufuta, namba zinakwenda wapi? Nikakwambia zinarudi Japani kulala. Ukaenda kumwambia mwalimu wa hesabu, naye akaniita shuleni akanitazama kama aliyekuta nzi kwenye chai. Kosa langu lilikuwa hilo, mwanangu: sikuwahi kukwambia "sijui". Niliamini mtoto akisikia mama hajui, ataenda kuuliza kwingine. Nikajibu kila kitu, na kwingine ukaenda vilevile.

Siku moja ya mvua, mtaa umejaa maji na hakuna mteja, nilikuwa nachezea kalkuleta nikabonyeza moja, nane, moja, nane. Nikaigeuza kichwa chini. Ikaandika BIBI. Nilishtuka kama nimesalimiwa. Ulipotoka shule nilikuonyesha, ukacheka mpaka ukakaa chini, na kwa wiki nzima hapakuwa na kalkuleta dukani isiyoandika bibi. Mteja akija kununua tunamkabidhi bibi yake. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Halafu vikaja vile vifaranga vya betri. Wasomi wa kesho hawatatuamini. Kidude kama yai, kioo chake ukubwa wa kucha ya dole gumba, ndani anaanguliwa kifaranga wa vidoti, analia umlishe, analia umsafishie, analia umbembeleze, na ukimsahau anakufa. Kariakoo nzima iliingia wazimu. Walimu wakavipiga marufuku darasani, basi asubuhi watoto wanapita kuniachia mimi. Navitundika kwenye kamba juu ya kaunta, kila kimoja na jina la mwenyewe kwenye plasta. Nimefuga kuku tangu sijang'oa meno ya utoto, kuku wa kuchinja, lakini hapo nikawa yaya wa kuku wasio na hata shingo. Mtu anauliza bei ya saa, mimi namwambia, "Subiri kidogo, huyu wa Asha amejisaidia."

Wa kwako ulimwita Supu. Siku ile nilikwenda Feri kutafuta samaki, changu, nikakutana na watu wa nyumbani, maneno yakanoga. Nilivyorudi Supu alishakuwa na mabawa, anapaa kwenye kioo kama malaika. Ulitoka shule, ukamshika, ukasema, "Mama, Supu amekufa." Na mimi, nikiwa na samaki mkononi na mawazo yangu kwingine, nikasema, "Ni betri tu hiyo. Nitakuwekea nyingine."

Nawapa pole watu wote wa Kariakoo. Mtu akijikwaa namwambia pole. Akipiga chafya, akibeba mzigo, akipigwa na jua, pole. Neno halina gharama, linatoka lenyewe mdomoni. Kwa nini siku ile halikutoka, mpaka leo sijui.

Kesho yake ukapeleka hela yako ya soda kwenye ile intaneti kafe ya ghorofani. Ukagundua huko duniani kuna watu wametengeneza makaburi ya vifaranga vya betri, kwenye kompyuta, kila marehemu na jina lake na maneno mawili matatu ya huzuni. Watu wazima, na akili zao! Ukamwandika Supu. Na aliyekuwa wa kwanza kukujibu alikuwa Ulla, mwalimu mstaafu wa Uswidi mwenye shughuli moja tu maishani, kukusanya vioja. Alikuandikia pole. Kisha akakuuliza Supu alikuwa na tabia gani.

Tabia! Mimi niliyemlisha asubuhi hadi mchana sikuwahi kujiuliza kama ana tabia.

Tangu hapo nyumba yetu ikapata mtu mmoja zaidi mezani. Akakuingiza kwenye kundi lake la watu wanaotumiana vioja kwa barua pepe, na kila ukirudi, kabla hujavua viatu, "Mama, Ulla kasema." Ulla kasema chuo fulani Uingereza walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili mtu aone kwenye kompyuta kama kahawa ipo, asipande ngazi bure. Watu wa dunia nzima wakawa wanakaa kulitazama birika la wenyewe. Nikakwambia hapa kwetu muuza kahawa anagonga vikombe vyake tangu kona ya mtaa na unajua ipo bila kuinua kichwa. Ulicheka, lakini kwa adabu, na mimi adabu ya namna ile siipendi.

Ulla kasema ile alama ya barua pepe, ile "a" iliyojikunja, Waitaliano wanaiita konokono, Waholanzi mkia wa nyani, na kwao Uswidi ni mkonga wa tembo. Hapo nikakasirika kabisa. Tembo wetu sisi, mkonga wanao wao! Baba yako alikuwa ananawa mikono, akasema, "Mama Haika, unagombana na mtu aliye baridini huko, hata hakusikii." Nikamjibu, "Ananisikia sana. Yuko hapa hapa mezani, hata wali anakula."

Nilikuwa natania, na sikuwa natania.

Ukitaka kujua siku niliyoumia hasa, ni ulipokuja na karatasi uliyochapisha kutoka kwenye lile kundi. Ulikuwa kidato cha pili. Ulinitafsiria mstari kwa mstari, umejaa furaha. Ulla amewaandikia wenzake wote kwamba binti wa Dar es Salaam amewaletea kioja kizuri kuliko vyote vya mwezi huo: kalkuleta inayojua Kiswahili. Moja, nane, moja, nane, geuza. Watu wa nchi ambazo sijui hata ziko upande gani walijaribu wakacheka, wakakupongeza.

Nikakuuliza, "Na uliwaambia nani alikufundisha?"

Ukaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani ni wewe, mama? Mimi nilidhani nilijua tu."

Nilikwambia haya, hongera, nikaenda uani kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Yaani ya Ulla yote unayakumbuka na jina lake juu. Ya kwangu umeyala yakawa damu yako, hujui hata yalitoka wapi. Nimelifikiria hili miaka na miaka. Kuna siku najiambia ndiyo kazi ya mama hiyo, nashukuru. Na kuna siku, nyingi zaidi, ambapo naona nimeibiwa mchana kweupe na mwizi mwenyewe ni mwanangu na hajui kama kaiba.

Sijawahi kukwambia kwamba nilikwenda kumtazama. Ulikuwa shule. Nilifunga duka, nikapanda ngazi mpaka kwa Rehema, yule dada wa intaneti, nikamwambia nataka kumwona mwanamke mmoja wa Uswidi. Akasema, "Mama Haika, kweli? Na wewe umo?" Nikampa anwani ya ukurasa wa Ulla, niliinakili kutoka kwenye karatasi zako. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nimebana pochi mapajani. Picha ilikuwa inashuka polepole kutoka juu, kama mtu anayeteremshiwa pazia. Nikaona nywele, nyeupe zote. Nikangoja. Nikaona paji la uso. Nikangoja tena. Miwani. Macho madogo. Pua. Na hapo umeme ukakatika, mtaa mzima ukasema "aaah!", na majenereta yakaanza kunguruma.

Rehema akasema, "Ngoja, umeme ukirudi tutaanza upya." Sikungoja. Kwa hiyo nusu ya huyo mwanamke naijua na nusu siijui. Sijaona mdomo wake, na mtu unamjua kwa mdomo. Wewe keshokutwa utauona wote, ukicheka, ukikwambia karibu. Hata hilo naona wivu.

Sasa zawadi. Baba yako alisema hatuwezi kukupeleka kwa watu mikono mitupu, nikasema nitanunua kanga. Nikaenda kwa Mama Jignesh. Unamjua, duka lake limejaa kanga mpaka yeye mwenyewe haonekani. Nikapekua, nikasoma maneno ya moja baada ya nyingine, mpaka nikaipata niliyokuwa naitafuta. Maneno yake sitayaandika hapa, wewe ni mtoto. Rangi yake nzuri sana, zambarau na njano.

Mama Jignesh akasoma, akashusha miwani. "Mama Haika. Hii nampa mtu akiwa amechukuliwa bwana. Nani huyu?"

"Zawadi ya mzungu," nikasema. "Hajui kusoma Kiswahili. Ataona maua."

"Na Haika anajua kusoma?"

"Haika atanyamaza."

Akaifunga, lakini akacheka mpaka bangili zikalia. Nikarudi nayo, nikaiweka chini kabisa ya sanduku lako, nikalala vizuri kuliko nilivyolala mwezi mzima.

Asubuhi hii nikiwa nafungua duka likanijia wazo lililonitoa jasho. Nampelekea maneno nani? Mwanamke ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kujua maana yake! Angeitandika kanga mezani, angenakili herufi moja moja, angewatumia watu wake wa vioja, na kuna mmoja wao lazima amewahi kuishi Zanzibar. Kabla hujamaliza kutoa nguo zako sandukuni, dunia nzima ingejua kwamba Mama Haika wa Kariakoo ana roho mbaya. Tena wangeona kioja kizuri, wangekipenda.

Nikakimbilia nyumbani, nikaitoa, nikairudisha. Mama Jignesh alikuwa ananingojea, naapa. Akasema, "Nilijua utarudi. Nimekuwekea nyingine." Hiyo uliyo nayo sasa sandukuni ni ya kumtakia mtu heri tu. Rangi yake si nzuri kama ile. Sikubadilisha kwa wema, nakwambia ukweli, nilibadilisha kwa hofu. Lakini nilivyokuwa natembea kurudi dukani nikaanza kujicheka, na nikishaanza kujicheka wivu haunishiki sawasawa, unaponyoka.

Hapo ndipo swali lake lilinirudia vizuri, kwa mara ya kwanza bila kunichoma.

Mtu huyu anajua Waitaliano wanaitaje alama ya barua pepe. Anajua birika la kahawa la watu wasiomhusu. Anajua vifaranga vilivyokufa duniani na majina yao. Na alipofika kwenye swali la mtoto wangu amwite nani, hakuuliza kompyuta, hakuuliza kundi. Alikuuliza wewe, ukaniuliza mimi. Kumbe kuna kitu kimoja hawezi kukipata mpaka mimi nifungue mdomo. Ungeniona nilivyosimama katikati ya barabara, mkokoteni unanipigia kelele, "Mama, pisha njia!", nami natabasamu.

Nilitaka kwanza nikwambie umwite Ulla, basi, kama wenyewe wanavyoitana, ajue baridi iko wapi. Nikaona hapana, utakuwa umemkosea adabu kwa ajili yangu, na mzigo huo sikupi. Nikasema shangazi, lakini huyo si dada wa baba yako, na baba yako asije akapata kichwa. Mama Ulla siwezi. Nimejaribu kulisema peke yangu hapa dukani na limegoma kutoka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ana nywele nyeupe, ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mwite mama mkubwa. Mweleze vizuri maana yake, asidhani ni kwa ajili ya unene. Mwambie ni dada mkubwa wa mama, ana haki ya kukulisha na kukugombeza na kukufungia mlango ukichelewa kurudi. Ukiugua akuuguze. Ukilia akuulize unalilia nini, kitu ambacho sasa anakijua kuliko mimi. Na mwambie kwamba dada akilea mtoto wa mdogo wake, mtoto habadilishi mama.

Na tazama alivyoniweza, maana nikishamfanya dada yangu mkubwa, mimi ndiye wa kumwamkia. Haya. Mpelekee shikamoo yangu. Mfundishe kuitikia marahaba, atamke vizuri asiikatekate. Akikuuliza umejifunza wapi adabu hizi, Haika, usiseme ulijua tu. Safari hii sema ni nani aliyekufundisha.

Ni mimi,
Mama Haika